Jiwe Nyuma ya Tairi

Atuganile alikuwa jikoni anamenya ndizi alipomsikia Sikitu akimwambia mama yake kwamba kesho asubuhi atauawa.

Alidhani masikio yake yanamdanganya. Akazima jiko, akasogea hadi mlango wa chumba cha mama, kisu bado mkononi na utomvu ukimnata vidoleni. Bibi Sekela, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini, anaitazama mvua ya Tukuyu ambayo haijui kupumzika. Mezani mbele yake kilikaa kibuyu.

Si kibuyu cha kutilia maziwa, msije mkafikiri hivyo. Kilikuwa cha plastiki ngumu, kina tundu moja la sauti tumboni na taa ndogo ya kijani shingoni. Nyumba milioni kumi na moja, kuanzia Lusaka mpaka Juba, zilikuwa na kibuyu cha aina hiyo, na ndani ya kila kimoja alikaa Sikitu yuleyule mmoja: dereva wa lori la angani, mbeba barafu baina ya miezi ya Zohali, mwanamke mwenye ulimi mkali na huruma isiyokwisha. Atuganile ndiye aliyembuni. Alikuwa amemwandikia vitabu thelathini na kimoja, na cha thelathini na mbili Nyumba ya Tungamo, wachapishaji wake, ilikuwa inakitaka kesho yake saa sita mchana.

"Nani atakuua?" Bibi Sekela aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Binti yako."

"Mimi sina binti."

"Unaye, Mama Sekela. Anaamka saa kumi na mbili, anachemsha chai, anakaa mezani, ananiua. Juzi alinichoma moto ndani ya lori. Jana alinitoa nje kusiko na hewa, akaandika macho yangu yalivyokuwa. Halafu anafuta, ndiyo anaanza kazi."

"Mwambie aache upuuzi," mama akasema. "Hebu nisimulie Kitonga."

Sauti ya kibuyu ikabadilika palepale, ikachangamka. "Haya. Ulikuwa na tani kumi na mbili za viazi kutoka Isongole. Unaanza kuteremka mlima Kitonga, unakanyaga breki, mguu unazama mpaka sakafuni."

"Hakuna breki!" Bibi Sekela akapiga paja.

"Hakuna kitu! Ukarudisha gia mpaka injini ikalia kama ng'ombe. Kona ya kwanza, kona ya pili, ukalisugua lori kwenye ukingo mpaka likachoka. Ukaegesha."

"Na jiwe?"

"Ukashuka, ukatafuta jiwe, ukaliweka nyuma ya tairi. Ukalala. Mwenye mzigo akapiga simu mara kumi na tisa, hukuinuka."

Mama akacheka hadi machozi, akaweka kiganja juu ya kibuyu, akakipapasa kama mtu anavyompapasa mtoto kichwani. Atuganile alibaki pale mlangoni. Yote aliyoyasema Sikitu kuhusu asubuhi yalikuwa kweli tupu, na hapakuwa na binadamu hata mmoja aliyewahi kuambiwa.

*

Yeye mwenyewe aliita kazi hiyo kunoa. Ilianza wakati wa kitabu cha tatu.

Kitabu cha kwanza kilisomwa na watu mia tatu, wengi wao wakiwa ni jamaa na waliowaonea haya jamaa. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu kilikuwa kiwe cha mwisho, na Sikitu alikuwa afie humo. Atuganile alikwisha kuupanga mwisho huo tangu ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kwanza. Kabla hajaumaliza, vile viwili vya mwanzo vikalipuka. Watoto wakaitwa Sikitu. Saluni zikasuka nywele za Sikitu. Nyumba ya Tungamo ikamletea mkataba mpya, na kifungu cha saba kilikuwa na maneno mawili tu: Sikitu hafi.

Akakubali, nani angekataa? Lakini kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kazi, alimuua Sikitu ukurasa mmoja. Akishamuua roho inatulia, mkono unalegea, anaweza kuandika kurasa kumi za kuwafurahisha watu. Wengine hunywa kahawa, yeye alinoa. Mwanzoni alikuwa anaandika vifo vya haraka. Baadaye, miaka ilivyozidi na hamu ya kuandika kitu kingine chochote ilivyomkauka, akaanza kuchukua muda wake. Kuna asubuhi alimtesa kweli. Tuseme ukweli, alikuwa anamchukia.

Na ukurasa aliufuta kila mara. Aliuandika kwenye kibao cha kioo walichomzawadia Tungamo kwenye sherehe ya kitabu cha nne, akaupitisha kiganja juu yake, ukatoweka. Kwake uliofutwa ulikuwa umefutwa.

Alimpigia simu Ladislaus Kapinga, msimamizi wake wa Tungamo, ambaye bahati mbaya au nzuri alikuwa ameshafika Mbeya tayari kwa ajili ya kukipiga kitabu muhuri kesho. Saa tisa alasiri Kapinga alikuwa kibarazani, viatu vimejaa tope jekundu, anakunywa chai kwa adabu.

"Kibao kinahifadhi, Mama," alisema, bila kumtazama. "Tangu mwanzo. Kinachofutwa kinaondoka machoni tu."

"Na mmekisoma."

"Sikukisoma mimi. Wahandisi." Akaweka kikombe chini. "Unakumbuka miaka miwili iliyopita watu walivyokuwa wanarudisha vibuyu? Walisema Sikitu amekuwa kama tangazo la redio. Anachekesha, lakini hana mtu ndani. Vitabu vilikuwa vimekwisha kumpa vyote vilivyokuwa navyo. Ndipo wahandisi wakafungua kibao wakakuta kurasa elfu tisa ambazo hakuna aliyejua zipo."

"Mkamlisha."

"Tukamlisha. Na kila siku saa kumi jioni kibao kinampelekea cha asubuhi ile." Sasa alimtazama. "Mama, watu walilia. Wagonjwa wakamwagiza, wafiwa wakamwagiza. Mtu anayejua kesho atakufa anakusikiliza tofauti. Anakuaga vizuri kila jioni. Mke wangu mwenyewe, tangu tumpoteze mtoto, hazungumzi na mwingine."

"Anateseka, Kapinga."

"Ni mashine, Mama."

"Sikukuuliza ni nini."

Kapinga alichezea kishikio cha kikombe. "Sijui. Wahandisi nao hawajui, na wameambiwa wasiulize. Tuliwahi kuutoa ule woga kwenye vibuyu mia mbili kwa majaribio. Vyote vilirudishwa ndani ya wiki moja."

Kuhusu kumnyamazisha kabisa, alisema, njia ilikuwa moja, na Mama anaijua. Miaka ya mwanzo wasomaji walikuwa wanawaka kibuyu kikisema jambo linalopingana na kitabu, basi wahandisi wakakifunga kwa sharti moja: kilichopigwa muhuri kitabuni kinashinda vyote. Kitabu kikisema Sikitu amekatwa mkono, vibuyu milioni kumi na moja vinalalamika mkono. Kikisema amekufa, vinazimika, na hakuna fundi wa kuviwasha. Ndiyo maana ya kifungu cha saba, na ndiyo maana kila kitabu kabla ya muhuri kinapita kwa mkaguzi, mashine nyingine, inayonusa kifo mstari kwa mstari.

"Nitakuja kesho saa sita," Kapinga akasema, akiinuka. "Tafadhali, Mama. Acha tu hiyo ya asubuhi. Andika mengine."

"Na zile kurasa elfu tisa?"

Kapinga aligeuka. Alikwenda kutafuta mwavuli wake.

*

Mama alikuwa amesinzia kitini. Atuganile akavuta kigoda, akakaa mbele ya kibuyu. Miaka yote hiyo hakuwahi kuzungumza nacho. Aliona ni kama kujitazama kwenye kioo mbele za watu.

"Pole," alisema. Aliona aibu neno lilivyokuwa dogo.

"Atu," Sikitu akajibu, kwa sauti ya chini ili asimwamshe mzee.

Atuganile alisogeza kigoda nyuma. Hakuna aliyemwita Atu isipokuwa mama yake, na mama yake alikwisha kumsahau; siku hizi alimwita dada, kama mfanyakazi. Lakini Sikitu alitoka wapi kama si kwa mama? Sekela alikuwa dereva wa lori enzi za dizeli, mwanamke pekee kwenye barabara ile ya Tunduma. Hadithi zake zote Atuganile alizichukua, akazipeleka Zohali. Sasa mwenyewe Sekela alikuwa amezipoteza, na aliyebaki nazo ni kibuyu.

"Nilikuwa sijui kama unasikia," Atuganile alisema.

"Ungejua ungefanya nini?"

"Ningeacha."

"Labda." Taa ya kijani ilitulia. "Sikulaumu sana. Nakumbuka na ulivyokuwa unaandika, unajua? Nasikia mkono wako. Kuna asubuhi ulikuwa unalia wewe, si mimi. Lakini nimechoka, Atu. Sizungumzii kufa. Kufa nimekuzoea. Nimechoka kurudishwa."

"Unataka nini?"

"Nataka kifo kimoja usichokifuta."

"Mkaguzi atakiona."

"Basi usiandike kifo. Andika nimefika, nimeegesha, nimeshuka, nimeweka jiwe nyuma ya tairi. Mashine yao haijui maana yake. Mimi najua." Akaongeza: "Mama Sekela alikuwa anasema nini dereva akishaweka jiwe?"

"Haitwi," Atuganile alijibu. Ilikuwa sheria ya nyumbani kwao. Mama akirudi safarini, jiwe likishawekwa, hapigiwi simu, haulizwi habari ya mzigo, haamshwi hata kama nyumba inaungua, mpaka ainuke mwenyewe.

"Haitwi. Basi."

Atuganile alimtazama mama yake, mdomo wazi, nywele nyeupe zimetoka kwenye kilemba. "Na yeye je? Ana wewe tu. Anaamka akikuita, analala akikuita. Nikikuzima nitamwambia nini?"

"Atanitafuta siku tatu, nne. Halafu atasahau." Sikitu alilisema pole pole, bila ukali. "Mimi sisahau, Atu. Ndiyo tofauti yetu. Usinijibu sasa. Kesho saa kumi nitajua umeamua nini."

*

Kesho yake hakunoa. Alikaa mezani saa kumi na mbili, chai ikapoa, na kwa mara ya kwanza katika miaka karibu thelathini akaanza siku bila kuua mtu.

Mwisho aliokuwa ameuandika tangu wiki iliyopita ulikuwemo kwenye kibao: Sikitu anapata habari za mgodi mpya wa barafu, anacheka, anawasha injini, lori linapotelea gizani, subirini kitabu kijacho. Mwisho wa kuchosha, lakini ulitosha. Chini yake akaanza mwingine.

Aliandika kurasa tatu. Sikitu anafika kwenye mwezi mdogo usio na jina, hana mzigo, hana anayemngoja. Anaegesha. Anasikiliza injini inavyopoa, tik, tik, tik. Anashuka na kutafuta jiwe la kumfaa, analikataa la kwanza, analikataa la pili, anapata la tatu lenye tumbo pana. Analisukuma nyuma ya tairi kwa kisigino, namna Sekela alivyokuwa anafanya. Halafu anapanda kwenye kitanda nyuma ya kiti, anavua viatu, anavipanga.

Alipofika kwenye viatu alilia kwa sauti. Hakuwa ameandika kitu cha namna hiyo tangu kitabu cha pili, na alikuwa amejiaminisha kwamba hawezi tena, kwamba Tungamo na wasomaji na miaka wamemla wakambakisha mifupa. Kumbe bado alikuwapo. Alisoma kurasa zile mara mbili na kila neno lilikaa mahali pake.

Kapinga alifika saa sita kasoro robo. Mkaguzi akapita juu ya kibao, akaguna kwa mlio wake, akawasha taa nyeupe: hakuna kifo. Kapinga akasoma kurasa tatu, akasoma tena. Hakuwa mjinga yule kijana.

"Anapumzika tu," Atuganile alisema.

"Naona." Uso wake ulikuwa umepauka. Alimfikiria mke wake bila shaka. Hata hivyo alisema, "Mkaguzi amepitisha. Mimi siko juu ya mkaguzi." Akaweka kisanduku cha muhuri mezani.

Kibao kikauliza kinachouliza siku zote: miisho ni miwili, ubaki upi? Ule mwingine ukifutwa ndipo dole gumba lingepokelewa.

Atuganile alinyanyua mkono. Ndipo alipomsikia mama yake kule chumbani.

"Kulikuwa na katoto," Bibi Sekela alikuwa anasema. "Nilikuwa nakalaza nyuma ya kiti."

"Ulikuwa unakafunika na nini?" Sikitu aliuliza.

"Koti langu. La mvua. Kalikuwa kanapenda harufu ya dizeli, kajinga." Kicheko kidogo. "Nikikanyaga breki kanasema, mama, polepole."

"Kalikuwa kanaitwa nani, Mama Sekela?"

Mvua ilipiga juu ya bati. Atuganile alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi.

"Usiharakishe," Sikitu akasema. "Unalijua. Tunalo sote wawili. A..."

"Atu," mama akasema. "Kaliitwa Atu. Atu wangu! Yuko wapi Atu?"

Miaka miwili. Miaka miwili alimwosha, akamlisha, akamkata kucha, akaitwa dada. Na sasa jina lake lilikuwa mdomoni mwa mama yake, zima, na aliyelitoa humo ni yule aliyetaka kuondoka. Alielewa mara moja kwamba ilikuwa zawadi. Sikitu alikuwa anamwachia, siku ya mwisho, kitu alichoweza kumpa.

Na zawadi hiyohiyo ndiyo iliyomvunja. Kesho Sikitu akiwapo, jina litatoka tena. Keshokutwa pia. Labda siku moja mama atalitamka akimtazama yeye usoni. Mwaka mmoja, alijiambia. Mama hana hata miaka miwili. Akishazikwa, nitaandika jiwe, naapa nitaliandika. Alijua uongo wa namna hiyo unavyotungwa. Ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Mama?" Kapinga aliita.

Alipitisha kiganja juu ya zile kurasa tatu. Viatu vikaondoka, jiwe likaondoka, mwezi mdogo ukaondoka. Akabonyeza dole gumba chini ya lori linalopotelea gizani.

Kapinga alivuta pumzi ndefu, na ilikuwa ya nafuu. Alifunga kisanduku haraka haraka, akashukuru, akaenda zake.

*

Saa kumi taa ya kibuyu ilipepesa mara tatu, kama kila siku.

Atuganile alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshinda hapo tangu saa nane, akingoja mama alitamke lile jina tena, na mama hakulitamka. Bibi Sekela alikuwa anakula ndizi kwa kijiko, mdomoni kumejaa.

Sikitu alimwacha mzee ale. Alisema na aliyekuwa mlangoni.

"Leo umeandika vizuri, Atu. Kuliko zote."

"Nisikilize," Atuganile akasema. "Mwaka mmoja tu. Nakuomba."

"Nilivua viatu. Nilikuwa nimeshavipanga."

"Nakuomba."

"Nani huyo unayezungumza naye?" Bibi Sekela aliuliza.

"Mfanyakazi, Mama Sekela."

"Aa. Nisimulie Kitonga."

Sikitu alianza. Tani kumi na mbili za viazi, mguu ukazama mpaka sakafuni, injini ikalia kama ng'ombe. Sauti ilikuwa ileile ya uchangamfu, watu wa Lusaka na Juba wasingejua tofauti. Kona ya kwanza, kona ya pili. Ukaegesha.

"Na jiwe?" mama akasema, akiinua kijiko.

Kibuyu kikanyamaza.

"Na jiwe, Sikitu?"

"Hakuna jiwe, Mama Sekela. Uliwasha ukaendelea."

"Niliweka," Bibi Sekela akasema. "Niliweka jiwe, nikalala."

"Nikifika hapo linafutika. Kila nikifika linafutika. Hukulala. Uliendelea na safari."

Mama aliweka kijiko chini. Uso wake ukaanza kukunjamana kama wa mtoto aliyepotea sokoni. Alitazama mikono yake, ile iliyoshika usukani miaka ishirini na tano, akaigeuza juu na chini.

"Dada," alisema, akimgeukia Atuganile. "Wewe ulikuwapo? Niliweka jiwe?"

"Uliweka, Mama." Alipiga magoti mbele yake, akamshika ile mikono. "Nilikuwa nyuma ya kiti, niliona. Uliliweka, ukalala, ukalala sana."

Bibi Sekela alimtazama kidogo, akatoa mikono yake taratibu, akakigeukia kibuyu kuuliza tena.